Kwa nini nilifuta ile video ya makombe

Mmekuwa mkiniuliza, wengine kwa hasira, mbona nilifuta video iliyokuwa inafanya poa kuliko zote. Sawa, leo nasema.

Desemba nilikuwa Msambweni, nikafundishwa kupiga mbizi kwa miwani na mrija. Mtu wa Kinanie, aliyezoea vumbi na maji ya mtungi, akiona bahari kwa chini lazima ashikwe na tamaa. Chini ya jiwe nikaona simbi mbili zinang'aa kama zimepakwa vanishi. Nikazichukua. Nilidhani ni tupu. Nikapanda treni hadi Athi River, halafu matatu hadi nyumbani.

Siku ya tatu ploti nzima ilikuwa inauliza panya amefia wapi.

Kusafisha ndiyo ilikuwa video yenyewe. Sikuchemsha, kwa sababu simbi ikichemshwa hupata nyufa. Nikazika kwenye udongo nyuma ya bafu, sisimizi wale nyama. Mbwa wa jirani akafukua usiku huohuo, nikazika tena na kufunika kwa karai lenye jiwe. Wiki tatu! Makombe mengine, yale ya kuokota ufukweni, niliyaloweka kwenye jiki na maji, nikayasugua kwa mswaki. Moja nililitia siki, likatoa povu na kupauka kabisa. Kombe ni chokaa, na asidi inaila chokaa. Msijaribu.

Basi video ikapaa. Halafu yule kaka mvuvi aliyenipeleka baharini akanitumia sauti: "Mdogo wangu, zile zilikuwa hai. Iliyokufa haing'ai hivyo."

Nikaenda kusoma. Kumbe konokono wa simbi hutoa ngozi yake laini nje na kulifunika kombe lote, na hiyo ngozi ndiyo inayolitunza ling'ae. Ukimgusa anajivuta ndani, wewe unaona tundu tu. Akifa, kombe linasuguliwa na mchanga na jua mpaka linafifia. Sasa fikiria yale makombe makubwa yanayomeremeta ambayo watalii huuziwa. Kuna konokono mkubwa anaitwa triton, anakula hata kile kiti cha pweza chenye miiba kinachomaliza matumbawe. Huyo naye anaishia kuwa pambo la meza ya mtu.

Ndani ya mbuga za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, huokoti hata kombe tupu. Zamani niliona ni ukali wa bure. Lakini kombe tupu ni nyumba ya kaa fulani asiye na gamba gumu mgongoni. Bila hilo analiwa.

Watu zaidi ya mia waliniandikia wakiuliza nilizitoa wapi, nao wakachukue. Hapo ndipo nilifuta.

Zile simbi mbili bado ziko juu ya kabati. Mama anasema zinanuka. Mimi nimezinusa mara nyingi sana, sisikii kitu.