Vijiko Viwili

Kansa ya Shangazi ilipata kamati kabla haijapata daktari. Kamati ilikaa WhatsApp, wajumbe kumi na saba, na ajenda ya kwanza ilikuwa sukari. Mtu alituma video: jamaa mwenye koti jeupe anaeleza, kwa dakika mbili tu, kwamba kansa hula sukari, kwa hivyo ukiinyima itakufa njaa. Kufikia jioni uamuzi ulikuwa umepita. Shangazi, mtu wa vijiko viwili kwa kikombe tangu nimjue, alipokonywa kopo la sukari. Wiki iliyofuata zikaondoka ndizi, kisha viazi vitamu, kisha uji.

Hapo kwenye uji ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. Kansa yake iko kwenye umio, ile njia ambayo chakula hupitia kuelekea tumboni, na uji ulikuwa miongoni mwa vitu vichache vilivyokuwa bado vinapita bila kumliza.

Mimi nilisomea baiokemia, kwa hivyo kila mtu alinitarajia nipige muhuri. Shida ni kwamba ile video haikuwa uongo mtupu. Uongo mtupu ungekuwa rahisi kuufuta.

Hadithi yenyewe inaanzia Berlin, miaka ya 1920. Otto Warburg alikata vipande vyembamba vya uvimbe wa panya, akaviweka ndani ya vyombo vya kioo na kupima gesi. Seli ya kawaida yenye oksijeni ya kutosha huichoma glukosi hadi mwisho ndani ya mitokondria, na kwa kila molekuli moja hupata takriban 30 za ATP, ile sarafu ambayo seli hulipia karibu kila kitu. Oksijeni ikikosekana, kazi inaishia njiani: seli inapata 2 tu, na mabaki yanageuka kuwa asidi ya laktiki, kama kwenye misuli yako unapokimbiza matatu ya mwisho. Uvimbe wa Warburg ulifuata njia hii ya hasara hata oksijeni ikiwa tele. Ulimeza glukosi kwa pupa na kutema asidi.

Warburg alihitimisha kwamba mitokondria za kansa zimeharibika, na kwamba huko ndiko ugonjwa unakoanzia. Alikufa 1970 akiwa bado anaamini hivyo, ingawa tangu miaka ya 1950 watu kama Sidney Weinhouse walikuwa wakimpinga: seli nyingi za kansa bado zinatumia oksijeni vizuri tu. Jiko ni zima. Sasa mbona zipoteze mali hivyo?

Jibu ninalolipenda mimi ni la mjengo. Tembea Ruaka au Kilimani uone: fundi anayejenga gorofa hahitaji stima peke yake, anahitaji mawe, mchanga na mabati. Seli inayotaka kujigawa inahitaji vifaa vya kujenga seli nyingine nzima, yaani mafuta ya utando, protini na herufi za DNA. Glukosi ukiichoma yote hadi mwisho inaisha kama hewa ya ukaa. Ukiichepusha mapema, sehemu yake inakuwa matofali.

Lakini sehemu ambayo ile video iliruka kabisa ni ya nani anatoa amri. Seli ya kawaida ina adabu. Haivuti glukosi ovyo kwa sababu tu ipo, inangoja kuambiwa. Insulini, au kichocheo cha ukuaji, hugonga mlangoni kwa nje, na ndani protini moja inampasha mwenzake habari. Mmoja wa wapasha habari hao ni PI3K, iliyogunduliwa na kundi la Lewis Cantley katika miaka ya 1980. PI3K inaamsha AKT, AKT inapeleka milango ya glukosi kwenye utando, na sukari inaingia. Katika kansa nyingi jeni la PI3K limebadilika, au breki yake imepotea. Kengele inalia na mlangoni hakuna mtu.

Kuna pia HIF, protini iliyochangia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza kupata Nobel mwaka wa 2019. Oksijeni ikitosha, HIF huvunjwa mara moja. Ikipungua, HIF hubaki na kuwasha jeni za kutumia glukosi bila oksijeni. Baadhi ya kansa za figo hupoteza kifaa cha kuivunja, basi seli inaishi kana kwamba inakosa hewa siku zote.

Kwa hivyo ulafi wa kansa haupangwi na kikombe cha chai. Umeandikwa ndani. Na damu haiachwi ikaishiwa sukari, kwa sababu ubongo unaihitaji na seli nyekundu za damu hazina mitokondria za kuchomea kitu kingine. Usipokula, ini linatengeneza glukosi lenyewe, na malighafi mojawapo ni protini ya misuli. Ukiinyima kansa uji, ini linaipikia misuli ya Shangazi.

Binamu yangu hakukubali haraka, na namheshimu kwa hilo, maana swali lake lilikuwa zuri. Shangazi alikuwa amefanyiwa PET skani hapa Nairobi. Ati kama sukari si tatizo, mbona hospitali yenyewe ilimdunga sukari yenye mionzi ili kuitafuta kansa? Na mbona waliagiza akae saa sita bila kula?

Nikamwambia sukari hiyo imefungiwa florini-18, ambayo nusu yake huisha kila dakika 110. Inaingia kwenye seli, inakwama, inaonekana. Ukila kabla ya skani, insulini inapanda, misuli inaivuta ile sukari, na picha inachafuka. Kufunga ni kwa ajili ya picha. Kisha nikamwonyesha ubongo kwenye ile ile picha, unang'aa kuliko umio. Alinyamaza kidogo. "Sawa, lakini tufanye nini sasa?"

Sisemi lishe haina maana. Unene wa kupindukia huongeza hatari ya kansa kadhaa, na insulini inashukiwa kuwa na mkono hapo. Mwaka wa 2018 kundi la Cantley lilionyesha kwamba dawa za kuzuia PI3K hupandisha sukari, mwili unajibu kwa insulini, na insulini inaiamsha tena njia ile ile. Panya waliopewa dawa pamoja na lishe yenye wanga kidogo sana walifanya vizuri zaidi. Lakini lishe hiyo peke yake iliharakisha lukemia katika baadhi ya panya. Jaribu kuweka hayo kwenye video ya dakika mbili.

Kinachonichekesha kwa uchungu ni kwamba hakuna mjumbe aliyeuliza kuhusu moto wa chai. IARC, shirika la WHO la utafiti wa kansa, liliamua 2016 kwamba vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha kansa ya umio. Kwetu Bomet, ambako kansa hii imewachukua wengi, chai hunywewa ikiwa bado inatoa mvuke.

Shangazi alishuka kutoka kilo 61 hadi 52. Mzunguko wa tatu wa kemo ukaahirishwa kwa sababu alikuwa dhaifu mno, na mtaalamu wa lishe akaandika kwenye karatasi: uji wa maziwa, karanga zilizosagwa, mayai, mafuta, mara sita kwa siku. Nilipiga picha karatasi hiyo nikaituma kwenye grupu. Watatu waliweka dole gumba.

Jioni hiyo nilimuuliza Shangazi mbona alikubali kuacha uji na njaa ilikuwa inamuuma.

"Mlikuwa mmeogopa," akasema. "Nikaona niwaachie kitu cha kufanya."

Wiki iliyopita alifika kilo 54. Kemo imepangwa Alhamisi, saa mbili asubuhi, na binamu yangu ndiye atakayempeleka.