Siku Nyepesi ya Safari



Huenda ukastaajabu mzee wa madrasa, aliyekulia katika joto la Mombasa, kukusimulia habari za milima ya theluji. Sababu ni mwanangu. Yeye anafanya kazi Geneva, nchi ya Uswisi, nami nilikwenda kumzuru mwezi wa Julai 2024. Kijana yule amekuwa mpenzi mkubwa wa kutembea milimani kwa miguu, nami kwa ujuba wa kizee nikamwambia, "Nichukue na mimi."

Iko njia mashuhuri inayouzunguka mlima wa Mont Blanc, ambao ndio mrefu kuliko yote katika safu ya Alps, unapita kidogo mita 4,800. Njia yenyewe ni kama kilomita 170, nayo inapita katika nchi tatu: Ufaransa, Italia na Uswisi. Watu huitembea kwa siku 10 au 11, wakilala vijijini. Sisi tulichukua siku mbili tu. Ya kwanza tulivuka kutoka Italia kwa pito la milimani liitwalo Grand Col Ferret, lililo mita 2,537 juu ya bahari, tukateremka hata kijiji cha La Fouly. Ya pili ni kutoka La Fouly kwenda Champex, na karibu kila atembeaye njia ile huihesabu kuwa siku nyepesi: kama kilomita 15, nyingi zake ni kuteremka na mto bondeni, kisha mwisho kuna kilima kimoja cha mita 400.

Siku ile ya kwanza nilijitesa bure. Tangu Geneva mwendo ulikuwa umezidi marhala mbili, na matembezi ya kuburudika si safari ya maasi, kwa hivyo rukhsa za msafiri zilikuwa zangu zote. Nimezifundisha miaka 40. Lakini nafsi iliniambia: wewe ni sheikh, hawa wengine ndio dhaifu. Basi nikatimiza rakaa nne za adhuhuri na nne za alasiri, kila moja kwa wakati wake, na udhu nikatia kwa maji ya barafu iliyoyeyuka, miguu mitupu, na hali khuffu zangu, yaani soksi za ngozi, zimo mkobani. Vidole vikafa ganzi, na katika kuteremka goti la kulia likaniasi. Mwanangu alinitazama, akanyamaza.

Alfajiri ya siku ya pili nilitia udhu kwa maji ya moto pale tulipolala. Niliporudi chumbani nikazikuta zile khuffu zimewekwa kando ya msala. Nilijua nani aliyezitoa. Nikazivaa, sikusema neno.

Ama uzuri wa siku ile, Subhana Llah! Nje ya kijiji pana kibao cha rangi ya manjano kinachoonyesha njia, nacho hakikuandikwa kilomita, kimeandikwa saa: Champex, saa kadha wa kadha. Nikacheka peke yangu, kwani hivyo ndivyo walivyopima wanavyuoni wetu. Marhala ni mwendo wa siku moja wa mnyama aliyebeba mizigo, hukuhesabiwa kamba. Mtu wa milimani na mtu wa jangwani wote wawili wanajua kuwa mwendo mmoja si sawa kwa miguu yote.

Mto uitwao Dranse de Ferret ulikuwa mkono wetu wa kulia, maji yake meupe kama yaliyooshewa mchele, kwa unga wa mawe unaosagwa na barafu huko juu. Tulipita misitu ya misonobari, na malisho yenye ng'ombe waliovishwa kengele shingoni, zikilia kila wanapoinua kichwa. Lakini ng'ombe ni ng'ombe, na katika madhehebu yetu ya Shafi kinyesi chake ni najisi, basi nusu ya mandhari ile sikuiona kwa kutazama nikanyagapo.

Saa nane kasorobo tuliingia kijiji cha Praz-de-Fort. Hapo mna maghala ya nafaka ya zamani, ya mbao, yamesimama juu ya vigingi, na juu ya kila kigingi wameweka jiwe la duara, bapa kama chapati, ili panya akikwea akute dari asipate pa kupita. Nikakumbuka uchaga wa mahindi wa mashambani kwetu, unaojengwa juu ya jiko ili moshi ufukuze wadudu. Na palikuwa na hodhi la maji yanayoingia kwa bomba na kumwagika mchana na usiku, nikaliona kama birika la msikiti. Nikavua viatu, nikatia udhu, nikapangusa juu ya khuffu. Tukatandika msala mahali safi nyuma ya ghala, tukaelekea kusini-mashariki, tukasali rakaa mbili za adhuhuri na mbili za alasiri tukizijumuisha.

Nilipotoa salamu mwanangu alisema, "Baba, nina neno. Dada anafunga kadha zake za Ramadhani."

Nikasema, "Mwenyezi Mungu amkubalie."

"Daktari amemkataza. Ana sukari, kama ya mama. Nilimwambia akuulize wewe, akasema: Baba atasema mama alikuwa akifunga."

Ndugu msomaji, nimesimama juu ya mimbari mara nyingi, lakini pale sikupata la kujibu. Mama yao, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifunga akiwa mgonjwa, mwaka baada ya mwaka. Kweli sikumwambia funga. Wala sikumwambia kula. Mwaka ule alipoanguka jikoni akipika vitumbua vya futari, ilikuwa siku ya 19, na asubuhi yake nilikuwa nimewasomesha vijana ile aya ya Suratul Baqara inayomtaja mgonjwa na msafiri. Niliwafasiria uzuri. Kisha nikarudi nyumbani, nikamkuta mgonjwa wangu amefunga, nikafurahi, kwa sababu wanawake wa mtaani walikuwa wakisema mke wa sheikh hali mchana hata akiwa hajiwezi. Baada ya hapo macho yalipungua, kisha figo, na baada ya miaka miwili alifariki. Sisemi saumu ndiyo iliyomuua, ajali ya mja imeandikwa. Lakini nitaulizwa juu ya kunyamaza kwangu.

Mwanangu hakuniongezea. Alikunja msala, akanikumbusha kwa upole hadithi niliyomhifadhisha mwenyewe akiwa na miaka 9, kuwa Mwenyezi Mungu hupenda rukhsa zake zichukuliwe. Tukashika njia.

Tulipofika kijiji cha Issert, chini kabisa ya bonde, goti lilikuwa limevimba, na kile kilima cha mita 400 kikatutazama. Mwanangu akasema liko basi, linakwenda Orsières, na huko lipo jingine linalopanda Champex. Jana ningalikataa. Nikasema, "Liko wapi?"

Pale Orsières, tukingojea basi la pili, nilimsimulia kuwa mwaka 972 Waislamu waliokuwa na ngome yao Fraxinetum, katika pwani ya Provence, walimteka hapo Mayeul, mkuu wa watawa wa Cluny, wakamwacha kwa fidia ya mali, na kwa tendo hilo wakajitafutia kufukuzwa nchi yote ile. Akaniuliza kama walikuwa na haki. Nikamwambia walikuwa wanyang'anyi, na kuswali hakumwondolei mnyang'anyi jina lake.

Champex ni kijiji kilicho kando ya ziwa dogo, maji yake yametulia kama kioo. Niliketi katika benchi nikampigia simu binti yangu. Kwao ilikuwa saa kumi na moja ya jioni, magharibi bado saa nzima na zaidi.

"Baba, umepanda mlima?"

"Nimepanda basi."

Akacheka sana. Nikamwacha amalize, kisha nikamuuliza, "Leo umefunga?"

Akanyamaza, halafu akasema, "Naam, Baba."

Nikamwambia kuwa mgonjwa ambaye matabibu hawatarajii ugonjwa wake kuondoka hana kadha juu yake. Atatoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku aliyokula. Nikamwambia na habari ya mama yake, kama nilivyokuambia wewe. Alilia kidogo, nami vile vile. Nikasema, "Nenda ukanywe maji. Sasa hivi, nami nakusikiliza."

Nikasikia mlango wa friji, na gilasi. Aliporudi kwenye simu tukahesabu pamoja: siku 11, vibaba 11 vya mchele.