LO! Mashine Inashangaa Nini?

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Katika vijiji vya Muthetheni, Kaunti ya Machakos, mgeni wa miaka hii ni mashine ndogo yenye kioo. Mnamo Septemba 2023, serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakakabidhiwa mikoba yenye vipimo vya presha na vya sukari. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya bima ya NHIF, na wananchi wakatakiwa kujisajili kupitia tovuti au kwa kubonyeza *147# kwenye simu. Hivyo basi, mzee ambaye hakuwahi kuketi mbele ya tarakilishi sasa anatarajiwa kusoma vioo viwili: cha simu na cha kipimo. Je, vioo hivyo vimeandikwa kwa ajili yake?

Nyanya yangu, ambaye kwa Kikamba tunamwita susu, ana umri wa miaka 78. Biblia ya Kikamba huisoma mwenyewe, mradi awe na miwani na dirisha liwe wazi. Kiswahili pia anakielewa barabara. Asubuhi moja, nikiwa nyumbani kwa likizo, alijidunga kidole, akapima sukari yake, kisha akacheka.

"Mjukuu wangu," aliniuliza, "mashine hii inashangaa nini?"

Kioo kilikuwa kimeandika LO. Susu alikisoma kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili hakukosea: lo! ni kihisishi cha mshangao. Kwa mtengenezaji, hata hivyo, herufi hizo ni kifupisho cha neno la Kiingereza lenye maana ya "chini". Sukari ilikuwa imeshuka kiasi kwamba kipimo hakikuweza kuitajia nambari. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka na jasho limemtanda usoni. Nilimpa chai yenye sukari nyingi. Tulipopima tena baada ya dakika 15, kikaonyesha 4.6.

Mwenzake LO ni HI, ambayo katika vipimo vingi hutokea sukari inapopita 33.3. Aghalabu herufi na nambari za vioo hivi huchorwa kwa vijistari saba vilevile, kwa hiyo I hufanana na 1, na O hufanana na sufuri. Fauka ya hayo, nukta kati ya 7 na 2 ni ndogo mno; asiyeiona atasoma 72. Mashine ya presha nayo huandika SYS, DIA na PUL, kana kwamba kila mgonjwa alisomea udaktari kwa Kiingereza.

Jicho la mzee lina mahitaji yake. Mtu wa miaka 60 hupokea ndani ya jicho takriban theluthi moja tu ya mwangaza anaoupokea kijana wa miaka 20. Lenzi huwa ya manjano, rangi ya samawati na ya kijani zikakaribiana, na wengine huota mtoto wa jicho. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa tovuti, WCAG 2.0 wa mwaka 2008, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane kimwangaza na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Maandishi ya kijivu juu ya weupe humpendeza mbunifu kijana, ilhali humnyima mzee habari. Menyu ya simu inayojifunga kabla msomaji hajamaliza sentensi humnyima vilevile.

Hata hivyo, herufi kubwa peke yake haitoshi. LO iliyokuzwa mara kumi ingebaki kuwa mshangao. Kinachohitajika ni sentensi: "Sukari imeshuka mno. Kunywa kitu chenye sukari sasa." Hapa ndipo kazi inapotuangukia sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Tumezoea kubishana kuhusu istilahi, iwapo tuseme skrini au kiwambo, ilhali hatujaketi na mzee tukamwuliza kama "shinikizo la damu" linamfikia upesi kuliko "presha". Kwa maoni yangu, penye hatari neno lililo kinywani mwa msomaji ndilo litangulie, nalo la kamusi lifuate.

Jambo hili linawezekana. Mnamo mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Katiba yetu ya 2010, katika ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Ibara ya 57 inawahakikishia wazee maisha ya heshima. Chama chetu na kianze kwa hatua ndogo: tuchukue kipimo kimoja, tuwape wazee kumi wakisome huku sisi tumenyamaza, na tuandike kila neno linalowakwaza. Orodha hiyo tuipeleke kwa wenzetu wa uhandisi na wa tiba, kwa maana msomaji wa maandishi hayo hana muda wa kusubiri tafsiri.