Mchujo wa Kata, Rwamgasa

Rwamgasa unaisikia kabla hujaiona. Bodaboda kutoka Katoro ilikuwa bado inakwepa madimbwi ya mvua za Mei nilipoanza kusikia makarasha yakisaga mawe, ngurumo moja isiyopumzika. Nilishuka, nikalipa nauli, nikaanza kuuliza njia, na ndipo nilipogundua kwamba kila mtu hapa huongea kwa sauti ya juu kidogo, watoto pia. Ofisini utakuta kijiji kimeandikwa Lwamgasa. Ni pale pale.

Nimekuja kwa ajili ya watoto wa mpira. Kesho ni UMITASHUMTA ngazi ya kata. Shule za msingi zinakutana, zinatoana, na jioni walimu wanachagua kombaini ya kata. Mbele kuna wilaya, kisha mkoa, kisha taifa mwezi Juni. Mwaka 2021 fainali za taifa zilifanyika Mtwara, mwaka uliofuata Tabora. Mtoto wa hapa, ambaye kwake kwenda gulioni Katoro ni safari ya kusimulia, hulitaja jina la Tabora polepole, kama anayelionja.

Jioni nilikwenda kuwatazama mazoezini. Uwanja una mteremko, magoli ni ya miti ya mikaratusi, na mwalimu wa michezo, ambaye asubuhi hufundisha hisabati, alikuwa na filimbi na fimbo ya kuchorea mistari. Watoto kumi na saba, viatu vya mpira jozi tisa, mali ya shule. Anayetoka humvulia anayeingia. Winga wa kushoto, mwembamba, darasa la sita, alikataa viatu kabisa, alisema vinamchelewesha. Anaupokea mpira kwa nje ya mguu, anainua kichwa, halafu anaondoka, na beki hubaki akitazama vumbi. Nimetazama mpira wa vijana miaka mingi na bado nilisimama.

Nilipokuwa nimesimama pale, nikaikumbuka Val-d'Or.

Huo ni mji wa kaskazini magharibi mwa Quebec, Kanada, na jina lake kwa Kifaransa ni Bonde la Dhahabu. Ulizaliwa miaka ya 1930 juu ya migodi, kama miji yetu ya Geita inavyozaliwa leo. Nilikaa huko kipupwe kimoja nikijifunza kazi ya sampuli za miamba. Timu yao ya vijana, miaka 16 hadi 20, inaitwa Foreurs, yaani wachorongaji. Ilianzishwa mwaka 1993, na mchezo wake ni hoki ya barafuni. Msomaji wetu hoki anaijua kwa mbali: mpira wa magongo wa nyasi uliotupeleka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, tukafungwa na India 18 kwa 0. Hii nyingine huchezwa kwa viatu vya chuma na kidude bapa cheusi cha mpira. Nairobi wapo Ice Lions walioanza kuicheza ndani ya hoteli, kwa kuwa barafu ya Nairobi ni lazima itengenezwe.

Niliwaona Foreurs wakijiandaa na raundi ya kwanza ya mchujo mwishoni mwa Machi, theluji bado imefika madirishani. Mji wote uliongea jambo moja: dukani, kanisani, kwenye maabara yetu. Nakumbuka kijana mmoja wa timu aliyekuwa akilala kwa familia ya mkuu wangu wa kazi. Huko wachezaji hutoka mbali, na familia za mjini huwapokea kama watoto wao; mama mwenye nyumba alikuwa akijua muda wa kulala wa kijana yule kuliko kocha. Na mchujo wenyewe ni wa mechi saba. Anayeshinda nne ndiye anayesonga. Ukifungwa leo, kesho au keshokutwa unarudi uwanjani, na kosa lako la jana lina mahali pa kusahihishwa.

Rwamgasa mchujo ni wa mechi moja, dakika chache, kwenye mteremko.

Siulalamikii utaratibu huo. Shule ni nyingi, siku ni chache, na fedha za chakula cha watoto ni michango. Ila nimeandika daftarini kwamba mtoto wa Val-d'Or hupewa hadi nafasi saba za kuonekana na wa hapa hupewa moja, na hiyo moja inaweza kumkuta yuko mwaloni.

Mwalo wa kuoshea dhahabu uko ng'ambo ya barabara. Mawe hutoka kwenye mashimo ya maduara, husagwa kwenye karasha kuwa unga, unga huoshwa kwa maji juu ya magunia yaliyotandazwa kwenye ubao wenye mwinamo, na kile kinachonasa huingizwa kwenye beseni na zebaki. Mkono huzungusha, zebaki hukusanya dhahabu, kisha donge huchomwa na moshi huondoka na upepo. Miaka ya 2000 mwanzoni mradi wa UNIDO wa zebaki uliichagua Rwamgasa kuwa mahali pake pa kazi hapa Tanzania, na baadaye serikali ikajenga hapa kituo cha mfano kwa wachimbaji wadogo. Kazi ya mikono mitupu haijaisha. Mwaka 2013 Human Rights Watch ilitoa ripoti juu ya watoto kwenye migodi midogo ya nchi hii, Geita ikiwamo, na niliyoyasoma humo niliyaona kwa macho: watoto wenye sare za shule, saa tisa alasiri, wakichota maji.

Mama yake winga nilimkuta hapo.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba. Karibu."

Nikamweleza nilichokiona uwanjani. Akacheka kwa furaha, akafuta mikono kwenye kanga. Kisha akasema yeye hamzuii, ila Alhamisi ndiyo siku yao ya zamu ya karasha, na kama mtoto hayupo atalazimika kumlipa mtu.

"Sasa wewe mwalimu niambie, nimlipe kwa kitu gani?"

Mimi si mwalimu, na jibu sikuwa nalo. Nilikaa nikamsaidia kuinua ndoo mbili. Huko Val-d'Or mgodi wa zamani wa Lamaque umekuwa makumbusho. Watoto wa shule huvishwa kofia ngumu, huteremshwa mita 91 chini ya ardhi, wakaonyeshwa babu zao walivyofanya kazi, wakapandishwa juu. Nilipowaona nilifurahi nao. Leo, kwenye ndoo ile, nilihesabu ni vizazi vingapi vilivyopita kati ya babu wale na wajukuu wale, nikatamani Rwamgasa isihitaji vizazi vingi hivyo.

Usiku, kwenye kibanda cha chipsi, vijana walibishana kuhusu timu ya Geita Gold. Wanaijua kama sala. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021, na msimu ule ule George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, timu ikafika mashindano ya CAF. Mwaka 2024 ikashuka. Baada ya hapo kurudi kukawa kwa mchujo, na kijana aliyekuwa akigeuza chipsi alinieleza kwa kidole hewani jinsi timu ya tatu na ya nne za daraja la chini, Championship, zinavyokutana, kisha mshindi anavyokutana na aliyepoteza mchujo wa Ligi Kuu. Alieleza vizuri kuliko redio. Alisoma hadi darasa la saba, na aliwahi kuvaa jezi ya kombaini ya kata.

Alhamisi. Watu walianza kufika saa mbili. Wasukuma wa hapa hawahitaji kufundishwa kushangilia: Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, wameshindana vizazi na vizazi, na kwao mshindi ni yule anayeuvuta umati upande wake. Bujora, karibu na Mwanza, hukutana kila mwaka kwenye Bulabo, katika msimu huu huu ambao mavuno yameingia ndani na miguu imepata nafasi. Kumbe hata hapa umati ulikuwa ukihama. Shule ikicheza vizuri, wazee waliokuwa upande mwingine walibeba viti vyao wakavuka. Val-d'Or kila mtu hukaa penye namba ya tiketi yake mpaka mwisho.

Winga alikuja. Alifika mechi imeanza, suruali imelowa hadi magotini, akaingia dakika ya kumi hivi. Nani alishika zamu yake sikujua. Nilimtafuta mama yake kwenye umati sikumwona. Alitoa pasi ya bao la kusawazisha, 1 kwa 1. Zikaja penati, na mlinda mlango wetu, mtoto mwenye mikono mirefu na moyo mkubwa, aliokoa moja. Wenzao waliokoa mbili. Tukatoka.

Nimeandika "tukatoka". Siku mbili tu.

Watoto walilia bila kujificha, na mwalimu wa hisabati aliwaacha walie. Mechi nyingine ziliendelea. Karibu saa kumi na moja walimu waliketi chini ya mwembe, wakaandika majina ya kombaini, na mmoja akasimama kuyasoma. Kutoka shule yetu walikuwa wawili. Mlinda mlango alisikia jina lake, akatazama chini.

Jina la pili likasomwa. Kimya. Likasomwa tena.

"Ameenda mwaloni," mtoto mmoja akasema. "Alikuwa na zamu."

Mwalimu akasema kambi inaanza kesho asubuhi na kila aliyetajwa aje na mzazi kabla ya giza. Mlinda mlango akaketi, akafungua kamba za viatu, akamkabidhi mwalimu jozi ile kwa sababu ni ya shule. Kisha akavuka barabara akikimbia, peku, kuelekea kwenye makarasha.