Nyuzi nne za mjomba

Nimerudi toka Tabora juzi usiku, mgongo unauma kwa kukaa kwenye treni, begi limejaa karanga na asali. Nilijiapiza nisiandike kitu mpaka nipumzike, lakini kuna jambo linanikereketa. Ni habari ya nyuzi za gitaa la besi. Najua wapo watakaosema huyu bwana wa magazeti kaishiwa habari. Ngoja kwanza.

Mjomba wangu alikuwa mpiga besi. Jina lake hutalisikia redioni. Tabora hiyo hiyo, Mboka Manyema, ndiyo iliyotupa Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, ile ya Shem Karenga na "Dada Asha" yake. Chini ya vigogo hao kulikuwa na vibendi vya harusi na kumbi za mitaani, na mjomba alikuwa huko. Bendi yao ilipokufa, yeye akaondoka na gitaa badala ya malipo. Miaka yote limeegemea nyuma ya kabati bila nyuzi. Uzi mmoja, ule mnene kuliko yote, niliukuta unafunga mlango wa banda la kuku.

Mwezi wa sita akanipigia simu. Rafiki yake wa siku zile, mpiga solo ambaye sasa anaishi Ujiji, atapita Tabora na kulala siku mbili. "Anko," akaniambia, "nitafutie nyuzi. Tumezeeka sisi, hatujui tutaonana lini tena."

Mimi nina shahada, nimewahi kumhoji waziri, nitashindwa kununua nyuzi? Nikaenda Kariakoo, nikaingia duka la kwanza lenye magitaa ukutani. Muuzaji akaniuliza gitaa la aina gani. Nikajibu, la besi. Akanipa pakiti. Nikauliza kama zitaingia. Akacheka, "Kaka, nyuzi ni nyuzi." Nikatoa shilingi elfu sabini, nikapanda treni kama shujaa.

Kumbe nyuzi si nyuzi.

Gitaa la mjomba ni fupi. Besi nyingi tunazoziona majukwaani, uzi unaotetemeka, yaani toka kile kipande cha mfupa juu ya shingo mpaka darajani, una urefu wa inchi 34. La mjomba ni 30. Inchi nne zinaonekana kitu kidogo, lakini nyuzi za inchi 34 huwa nene mpaka mbali, ndipo zinapungua unene karibu na mwisho ili zizunguke vizuri kwenye kikazio. Kwenye gitaa fupi ile sehemu nene ndiyo inayofika kwenye kikazio. Uzi wa juu, ule wa E, ukagoma kabisa kuzunguka. Nikachukua koleo la jirani, nikaukata bila hata kuukunja kwanza. Waya wa nje ukaanza kulegea toka kwenye kiini chake, na uzi ukafa. Ukiupiga unatoa mlio kama sufuria.

Zile tatu zilizobaki tukazilazimisha, na zenyewe zikawa zinalegea. Baadaye nilielewa kwa nini. Uzi ule ule, sauti ile ile, ukiufupisha toka inchi 34 hadi 30, mkazo wake unapungua kwa karibu asilimia 22. Ndiyo maana gitaa fupi linapenda nyuzi zilizotengenezwa kwa urefu wake, na wengi huongeza unene kidogo ili zisicheze kama kamba ya kuanikia nguo.

Yule mzee wa Ujiji akaja. Wakakaa chini ya mwembe, solo na besi ya nyuzi tatu. Mjomba kila akishuka kuutafuta uzi wa E, kidole kinakuta hewa. Anatabasamu, anaruka, anaendelea. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Laiti angenitukana.

Usiku ule sikulala. Nikakumbuka tuliyosoma shuleni kuhusu njia ya misafara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walishusha pembe pwani, wakapandisha shanga, vitambaa na mizingo ya waya. Waya ulikuwa pesa. Lakini kila nchi ilitaka shanga za rangi yake, na waya wenyewe ulikuwa na unene wake. Stanley mwaka 1871, kabla ya kuondoka Unguja kumtafuta Livingstone, ilibidi aulize kwanza wafanyabiashara achukue zipi, maana ukibeba zisizotakiwa unafika bara huna cha kununulia chakula. Mgeni yule aliuliza. Mimi, mtoto wa njia hiyo, nikapeleka waya usiotakiwa.

Basi nikarudi shule. Nikampigia mjomba, nikamwomba apime toka mfupa mpaka chuma cha kumi na mbili cha shingo. Inchi 15. Zidisha kwa mbili, unapata urefu wa gitaa. Kisha nikamuuliza swali ambalo ningeanza nalo: mjomba, unataka zilie vipi? Akasema anataka zile nyororo zisizokwaruza vidole, zenye sauti ya duara. Nikajua anasema nyuzi zilizozungushiwa waya bapa. Zile zenye waya wa mviringo, zinazong'aa na kukwaruza, zilishika kasi kwenye besi kuanzia 1966, Rotosound ya Uingereza ilipozitengeneza pamoja na John Entwistle wa The Who. Ni nzuri, ila si za vidole vya mzee mwenye baridi yabisi.

Rafiki yangu akanunua Nairobi: skeli fupi, waya bapa, unene wa 45 hadi 100. Wiki iliyopita nikazifunga mwenyewe, moja moja. Zikakaa kama zimezaliwa pale. Mjomba akaugusa uzi wa E, akafumba macho.

Tukampigia yule mzee Ujiji, nikaweka simu mbele ya spika. Mjomba akapiga dakika nzima. Halafu akauliza, "Umesikia?" Kimya. "Nasikia kidole kinagonga, bwana. Besi siisikii."

Ni kweli. Uzi wa E unatetemeka mara 41 kwa sekunde, na simu imetengenezwa kwa ajili ya maneno. Sauti ya chini namna ile haiibebi.

Kwa hiyo natafuta nauli ya watu wawili na gitaa moja, Tabora mpaka Kigoma, kisha Ujiji. Mhariri wangu akisoma hapa ajue likizo naomba tena.