Maji Yakikasirika

Maji hufuata mkondo, walinena wahenga. Hawakueleza, hata hivyo, yatendalo maji pindi mkondo unapowekewa vizuizi. Jibu analijua mama mmoja wa Macalder, huko Migori, aliyewasomesha wanawe kwa ubao na gunia.

Ubao huinamishwa, ukatandikwa gunia, kisha mawe yaliyosagwa yakamiminwa juu yake pamoja na maji. Kila kunjo la gunia ni kizuizi. Nyuma yake maji hujitenga na mkondo mkuu, yakazunguka papo hapo mithili ya msafiri aliyesahau jambo njiani. Dhahabu, iliyo nzito mara 19 kuliko maji, huzama katika kituo hicho. Unga wa mawe, usiofika hata mara tatu, huchukuliwa.

Mtoto wa dadake, mwanafunzi wa fizikia kutoka Homa Bay, alimzuru wakati wa likizo. Alimsimulia habari za Osborne Reynolds, ambaye mwaka 1883 alipitisha rangi katika maji ya bomba la kioo. Mwendo ulipozidi kiasi, uzi wa rangi ulivurugika na kutapakaa. Aidha, alisema, penye vizuizi vurugu hiyo huanza mapema zaidi kuliko katika bomba laini.

Mama alitabasamu. "Mwanangu, ndiyo sababu namimina polepole. Maji yakikasirika, huibeba ile dhahabu laini kama vumbi."

Vumbi hilo ndilo kiini cha dhiki. Lipoteapo, huishia katika makapi, ambayo wenye mitaji huyanunua na kuyachuja upya kwa sayanaidi. Lisaliapo guniani, hunaswa kwa zebaki, aghalabu kwa mikono mitupu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 wataka zebaki ipunguzwe migodini humo, na inapowezekana ikomeshwe. Maana sumu hiyo haikai ilipomwagwa: mvua huisukuma vijitoni, vijito vikaelekea ziwani, na ziwa la Migori ndilo la Homa Bay.

"Mama," kijana aliuliza, "huwezi kuiacha zebaki?"

"Nitaiacha siku utakaponionyesha ubao unaolinasa vumbi lote. Kanuni zako zasemaje?"

Hakuwa na jibu. Alirejea chuoni na swali hilo, zito kuliko vitabu vyote alivyokuja navyo.