Madoa Meupe Kwenye Picha ya Ubongo

Akina mama wenzetu, sisi wauguzi tunaotembelea wagonjwa kwa niaba ya kanisa tumeyasikia mara nyingi maneno haya: "Mama fulani siku hizi ni mvivu, tena msahaulifu." Kuanzia mitaa ya mjini Arusha hadi migombani chini ya Mlima Meru, maneno hayo yamewavunja moyo wanawake wengi. Wengine wao ni wagonjwa wa lupasi.

Katika lupasi, kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Kati ya wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake, hasa wa umri wa kuzaa. Viungo huuma, uchovu hauishi, nywele hunyonyoka. Hauambukizi, wala si kurogwa.

Wakati mwingine ugonjwa huu hufika kwenye ubongo. Mama mmoja wa upande wa Ngaramtoni alikuwa akitia chumvi kwenye chai, na sokoni anasahau bei ya ndizi zake mwenyewe. Mumewe alidhani anadharauliwa. Hatimaye mama alipelekwa Dar es Salaam kupimwa kwa MRI, mashine inayotumia sumaku. Picha ilionyesha madoa katika sehemu nyeupe ya ubongo, zinakopita nyuzi zinazounganisha sehemu moja na nyingine. Mishipa midogo ya damu ikidhurika, nyuzi hizo nazo huumia. Baba yule aliitazama picha, akanyamaza. Sasa ndiye anayemkumbusha mkewe dawa.

Tulishukuru, lakini tukajiuliza: je, kama picha ingekuwa safi? Wapo wagonjwa wa lupasi wanaosahau sana, na picha zao hazina doa. Tena madoa ya namna hiyo huonekana hata kwa wazee na wenye shinikizo la damu. Ndiyo maana daktari huitazama picha pamoja na vipimo vya damu na mkojo, na maelezo ya mgonjwa.

Basi tusingoje picha ndipo tumwamini mwenzetu. Akichanganyikiwa ghafla, akipata kifafa au akilegea upande mmoja, awahishwe hospitali siku hiyohiyo. Mwenye lupasi asiache dawa kwa sababu amepata nafuu, ajikinge na jua, na amwone daktari kabla ya kubeba mimba. Nasi tumchotee maji, tumpikie watoto uji, tukae naye tumsikilize.